Nilizima maiki ya mama

Fungua magrupu yako ya WhatsApp sasa hivi. La darasa letu wiki hii lina mabango matatu ya webina. Moja linafundisha namna ya kutengeneza pesa ukiwa chuoni, la pili linahusu masoko ya kidijitali, la tatu linatoa cheti kwa yeyote atakayevumilia mpaka mwisho. Kila bango lina picha ya jamaa kavaa suti, kakunja mikono, na chini yake linki.

Mwaka jana mwezi wa tano, huyo jamaa wa kwenye bango nilikuwa mimi. Suti niliazima kwa rumeti wangu, picha tulipigia pale kwenye vimbweta, na bango nilitengeneza mwenyewe kwa Canva usiku mzima huku test ya asubuhi ikinisubiri. Liliandikwa: "Hifadhi Nafaka Kisasa, Ongeza Kipato". Nilikuwa na mifuko 75 ya kuuza.

Nianze na hiyo mifuko, maana bila hiyo habari hii haina kichwa wala miguu. Kwetu ni Mpui, mkoa wa Rukwa, kwenye barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Laela na Tunduma. Ni uwanda wa juu wa Ufipa, baridi, udongo mzuri, na mahindi ndiyo maisha. Yanavunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba, na kila mtu anauza wakati huohuo, kwa hiyo bei inalala chini. Mwezi wa kwanza, wakati wengi ghala limebaki vumbi, bei inapanda. Swali ambalo kila mtoto wa Ufipa amekua nalo ni hili: kwa nini usiyaweke mpaka mwezi wa kwanza? Jibu lake ni dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora miaka ya 1980 inaanza, akasambaa nchi nzima, na wakulima wengi wanamwita Scania. Ukimwachia gunia miezi sita, utakuta unga na matundu.

Mfuko wa kinga njaa unamaliza hilo tatizo bila dawa. Teknolojia yake ilitokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walioanza na wakulima wa kunde wa Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndani kuna mifuko miwili ya nailoni nzito, nje kuna kiroba cha kawaida. Unajaza mahindi makavu, unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake. Wadudu waliobaki ndani wanatumia oksijeni iliyopo, inaisha, wanakufa. Ndiyo siri yote.

Mimi nikasema hii ni biashara. Nilichukua 120,000 kwenye boom, na 180,000 nikakopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha mama, riba asilimia 10, miezi mitatu, mama ndiye mdhamini. Mama mdogo aliyeko Sumbawanga mjini akanunua mifuko kwa jumla, 4,000 kila mmoja, akaipakia kwenye gari la Mpui. Bei yangu ikawa 5,000. Mimi niko chuoni, safari ya basi ya zaidi ya siku nzima kutoka nyumbani. Nitawafundishaje watu kutumia mfuko ambao hawajawahi kuuona? Nikajijibu kisomi kabisa: webina.

Fomu ya Google ilijaa haraka. Watu 163 walijiandikisha. Nilipiga picha ya skrini nikaweka status. Sikuangalia walikuwa kina nani. Baadaye nilipofungua orodha kwa utulivu, nikakuta wengi ni wanachuo kama mimi na wewe, wa Dar, Arusha, Dodoma, watu ambao hawana hata debe moja la mahindi la kuhifadhi. Walitaka cheti. Bango langu lilikuwa limewaahidi.

Siku yenyewe, Jumamosi saa 2 usiku, waliingia 14. Rafiki yangu alikuwa MC. Akakaribisha, akasoma wasifu wangu, akamkaribisha mgeni rasmi, kaka mmoja wa mwaka wa nne, ambaye naye akazungumzia umuhimu wa vijana kujiajiri. Zikapita dakika 20. Ndipo nikafungua slaidi. Zilikuwa 22, nusu yake kwa Kiingereza kwa sababu nilizitoa kwenye prezoo ya darasani. Nilikuwa natumia Zoom ya bure, ile inayokata baada ya dakika 40, na nilijua hilo. Nilifika slaidi ya 13.

Katikati ya slaidi za mwanzo kuna simu moja ilianza kunivuruga. Maiki ilikuwa wazi. Kuku, mtoto analia, watu wanaongea Kifipa, kisha sauti ya mama mmoja ikauliza kitu kwa nguvu. Nikaangalia jina: ilikuwa simu ya mama yangu. Moyoni nikasema huyu mama ananiaibisha mbele ya wasomi. Nikabonyeza, nikazima maiki yake, nikaendelea na mchoro wa mnyororo wa thamani.

Dakika ya 40 ikafika, skrini ikafunga. Nilikuwa sijasema mfuko unafungwaje, unauzwa wapi, wala bei yake.

Kesho yake asubuhi mama akapiga. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akakaa kimya kidogo.

"Baba," akaniambia, "jana watu walikuja."

"Watu gani, mama?"

"Watu wa kikundi. Tulikuwa 11. Kila mtu katoa 200 tukajiunga bando. Nimewachemshia viazi. Simu tukaiweka ndani ya sufuria ili sauti itoke. Tukakusikiliza, hatukuelewa sana, mwenzetu akauliza, ukatunyamazisha."

Sikuwa na la kusema. Wateja wangu wa kweli, wote 11, walikuwa nyuma ya kale kaboksi kamoja ka jina la mama. Zaidi ya hapo, mtaji niliokuwa natamba nao ulikuwa pesa yao. Wale 13 wengine niliowaheshimu kwa Kiingereza, hakuna hata mmoja aliyewahi kununua mfuko. Kwenye ripoti ya Zoom, watu 11 wa Mpui walihesabiwa mtu mmoja, na huyo mmoja nikamfunga mdomo.

Mama hakunigombeza. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliniambia tu kwamba wenzake watatu wamechukua mifuko minne "kwa ajili yako", kisha akampa babu simu.

Babu yangu ana miaka zaidi ya 70, hajawahi kushika simu janja kwa zaidi ya dakika mbili. Akaniuliza hiyo semina yangu ya kwenye simu inaendeshwaje. Nikamweleza. Akacheka.

"Sasa hiyo si redio? Sisi tulifanya hiyo mwaka 73. Mtu ni Afya."

Akanisimulia. Kijiji kilikuwa na redio ya betri. Kila wiki, siku na saa maalumu, kikundi kilikusanyika. Yeye alikuwa kijana anayejua kusoma, kwa hiyo walimpeleka kufunzwa siku chache akawa kiongozi wa kikundi. Walisikiliza kipindi, kifupi tu. Kikiisha, redio inazimwa. Anafungua kijitabu, anasoma kwa sauti sehemu ya wiki hiyo, halafu watu wanajadili: hili kwetu lipo? Tunafanya nini? Nani anaanza? "Wiki ya choo," akasema, "tulitoka pale na majembe."

Nikaenda maktaba kutafuta, kwa sababu nilidhani babu anaongeza chumvi. Hakuongeza. Kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa mwaka 1973 na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kwa wiki 12. Walifunzwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na walioshiriki nchi nzima wanakadiriwa karibu milioni 2. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule. Hapakuwa na intaneti. Hapakuwa hata na njia ya msikilizaji kumjibu mtangazaji papo hapo. Walichofanya ni kuhakikisha kila redio ina mtu karibu nayo anayejua kipindi kinahusu nini, karatasi mkononi, muda wa kuongea, na kazi ya kwenda kufanya.

Webina yangu ilikuwa na mgeni rasmi.

Nikakaa na daftari. Nilikuwa na mifuko 71 kwa mama, deni la 198,000 na riba yake, na mavuno yalikuwa yameshaanza. Nikaamua kurudia, ila safari hii nianze na yule anayesikiliza: yuko wapi, ana simu gani, ana muda gani, na akimaliza kusikiliza atafanya nini kwa mikono yake.

Kwanza, niliacha kutafuta watu mmojammoja, nikatafuta vituo. Kituo maana yake ni nyumba au duka lenye simu janja moja na spika, na mtu mmoja anayeheshimika pale. Kupitia mama, mama mdogo na vijana niliosoma nao, nikapata sita: vitatu Mpui, viwili Laela, kimoja Kaengesa. Kila kituo nilikitumia bando la 2,000. Jumla 12,000, karibu sawa na pesa ya kula ya siku nne hapa chuoni, lakini ile mara ya kwanza watu walichangishana ili wanisikilize nikiwapuuza, na sikutaka irudiwe.

Pili, nilipunguza somo mpaka likabaki moja: ukitoka hapa, ujue kupima ukavu wa mahindi na kufunga mfuko mmoja sawasawa. Basi. Mambo ya mnyororo wa thamani nikayaacha kwenye slaidi zangu yakapumzike.

Tatu, vifaa vilitangulia. Kila kituo kilipewa mfuko mmoja, chupa ya glasi, chumvi na mahindi. Siku mbili kabla nikatuma WhatsApp karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili na video ya dakika mbili ya kufunga fundo, ambayo rumeti alinirekodi chumbani tukitumia mfuko wa unga. Viongozi wa vituo niliongea nao kwa simu ya kawaida jioni moja kabla, nikawapitisha hatua kwa hatua. Ile ilikuwa dakika 15 kila mmoja, na naamini ndiyo iliyobeba kila kitu.

Nne, saa. Saa 2 usiku ni muda wa sisi wa hosteli. Ufipa mwezi wa sita usiku ni baridi ya kuumiza mifupa, watu wako karibu na moto au wamelala. Mama akaniambia Jumapili baada ya misa, watu wakishakula. Tukaweka saa 9 alasiri.

Tano, zile dakika 40 nikazigeuza zinifanyie kazi. Nikagawa webina mara mbili, kwa linki mbili. Ya kwanza dakika 20: maelezo kwa sauti tu, kamera nikiwasha pale tu pa kuonyesha fundo, ili bando lisiishe. Halafu tunakata kwa makusudi. Nusu saa kila kituo kinafanya kazi chenyewe: kinapima, kinajaza, kinakamua, kinafunga. Kisha tunaingia tena kwa maswali, na kila kituo kinaitwa kwa jina, maiki wazi.

Siku ilipofika, vituo vitano viliingia. Kimoja cha Mpui mtandao uligoma kabisa, nikakitumia sauti nilizorekodi kesho yake. Kwa hiyo kwenye skrini yangu nilikuwa naona maboksi matano. Kwa kipimo cha mabango yetu, hiyo ni webina iliyofeli vibaya. Lakini kila kiongozi alikuwa na karatasi ya kuhesabu vichwa, na jioni wakaniletea: watu 61.

Kipindi cha maswali ndicho sitakisahau. Kipimo cha chumvi kiliwachangamsha wengi. Unaweka punje kwenye chupa kavu na chumvi kavu, unatikisa, unasubiri kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Wataalamu wanataka unyevu usizidi kama asilimia 13, na chumvi haiwezi kukupa namba, lakini inakuzuia usifunge mahindi mabichi yakaota ukungu na kukuletea sumukuvu. Kituo kimoja cha Laela chumvi iliganda. Wakashtuka, kwa sababu mahindi yale waliyaona makavu kabisa kwa jino. Hapo sikuhitaji kuongeza neno.

Mzee mmoja akauliza: "Mimi nauza mwezi wa saba kulipa ada ya mtoto. Ninunue mfuko?" Nikavuta pumzi, maana nilikuwa na deni. Nikamwambia hapana, mzee, kwa mahindi ya kuuza mwezi wa saba mfuko huu haukusaidii. Weka pesa yako. Pakawa kimya, halafu nikasikia watu wanacheka kwenye maboksi yote matano. Mama aliniambia baadaye kwamba hilo jibu ndilo lililouza mifuko.

Mwingine akauliza kama mahindi ya kula nyumbani nayo yawekwe humo. Nikasema yawekwe, ila mfuko wake uwe peke yake, kwa sababu kila ukifungua unaingiza hewa, na wadudu wanapata nafuu. Kabla sijamaliza, mama wa Kaengesa akadakia kwamba yeye atatenga mifuko kwa miezi, wa mwezi wa kumi, wa kumi na moja, mpaka wa kwanza, asifungue wa mbele kabla ya wakati. Hiyo haikuwa kwenye karatasi yangu. Sasa ipo.

Bei niliitaja mara moja, mwishoni, pamoja na nyumba ambazo mifuko inapatikana. Siku tatu baadaye nikapigia simu kila kituo. Kwenye hizo simu ndipo nilipopata oda nyingi kuliko zilizotokea siku yenyewe. Watu walikuwa wameenda nyumbani, wamejadiliana, wamehesabu magunia yao. Wiki ile tuliuza mifuko 31. Hadi mwisho wa mwezi wa saba ikaondoka mingine 28.

Sasa hesabu, kwa sababu najua mnaisubiri, na kwa sababu wale jamaa wa mabango huwa hawaionyeshi. Mifuko sita ya mafunzo niliwaachia viongozi wa vituo kama asante. Niliuza 63, ikaingia 315,000. Nilitumia 300,000 kununua, 8,000 usafiri, 12,000 bando, 18,000 riba. Jumla 338,000. Hasara ya 23,000, na mifuko sita imebaki nyumbani kwa mama. Deni nililipa kwa kuchelewa wiki mbili. Faini ya kuchelewa mama aliilipa kimyakimya, nikaja kuambiwa na mama mdogo.

Ningeweza kuishia hapo nikasema webina hazifai. Lakini mwezi wa kwanza mwaka huu mifuko ikaanza kufunguliwa. Mama akanitumia picha: mahindi yaleyale ya mwezi wa sita, hayana tundu, hayana unga. Mama wa Kaengesa aliuza magunia yake manne kwa bei ya mwezi wa kwanza. Vituo vikaanza kunitafuta vyenyewe. Ninapoandika haya ni mwezi wa nne, na oda ya msimu huu ni mifuko 140, nusu ya pesa imeshakusanywa kabla mimi sijatengeneza bango lolote. Safari hii sijakopa.

Kuna picha nyingine ambayo sikuiweka status. Kati ya wale watatu waliochukua mifuko baada ya webina ya kwanza, kuna rafiki wa mama, jirani yetu, aliyechukua miwili. Wakati wa webina ya pili alikuwa kwa binti yake, hakuwepo. Mahindi yake aliyaweka sakafuni, mifuko imeegemea ukuta. Panya wakatoboa yote miwili, hewa ikaingia, na dumuzi wakafuata. Alipofungua mwezi wa kwanza, zaidi ya nusu ilikuwa unga.

Mama aliponiambia hilo aliongeza jambo moja bila kulaumu. Ile siku ya kwanza, sauti niliyoizima ilikuwa ya huyo jirani. Alikuwa anauliza kuhusu panya.

Jibu lake lingenichukua nusu dakika. Weka mifuko juu ya chanja au mbao, iache nafasi kutoka ukutani, safisha ghala, usiache punje chini. Nusu dakika, na mimi nilitoa dakika 20 kwa wasifu na mgeni rasmi. Nilimpelekea mifuko miwili kutoka ile sita iliyobaki, akashukuru. Mahindi hayarudi.

Ndugu zangu wanachuo, siwaambii msifanye webina. Tangu mwaka 2020, korona ilipotufundisha Zoom kwa lazima, chombo hiki kiko mikononi mwetu, na sisi tunaotoka mbali ndio tunaokihitaji zaidi. Mtu mwenye duka la vipodozi Sumbawanga, dada anayefundisha ushonaji, kikundi cha alizeti, wote wanaweza kufundisha na kuuza kwa simu moja. Ila ukikaa kuandaa yako, usiulize kwanza wamejiandikisha wangapi. Uliza upande wa pili wa kila simu kuna watu wangapi, na ni nani kati yao ana swali ambalo usipolijibu litamla.

Webina ya msimu huu ni mwezi ujao, vituo tisa. Natafuta watu wawili wanaojua Kifipa na wasioona aibu kuongea na wazee kwa simu. Malipo ni mfuko mmoja na viazi vya mama ukifika Mpui. Nipo kwenye vimbweta vya karibu na maktaba kila Jumatano baada ya kipindi cha saa 8. Cheti hakipo.